Kuungana, Kuunganishwa au Kupokezana? Uhakiki wa Istilahi za Mitandao ya Kijamii Isiyo na Makao Makuu

Utangulizi

Katika miaka ya hivi karibuni Kiswahili kimelazimika kutafuta maneno ya kueleza jambo jipya katika mawasiliano, nalo ni kukutana kwa mitandao midogo ya kijamii isiyo na makao makuu na mitandao mikubwa inayomilikiwa na makampuni ya kibiashara. Yapo maneno manne yanayojitokeza mara kwa mara pale jambo hili linapoelezwa: mitandao iliyogatuliwa, mitandao ya shirikisho, jukwaa, na kuunganisha. Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki maneno hayo, kuonyesha mahali yanapomsaidia mwananchi na mahali yanapomficha jambo, na mwishoni kutoa mapendekezo machache.

Yafaa isemwe mapema kwamba hatushughulikii uzuri wa maneno peke yake. Mwananchi wa Ngarenaro au Usa River anapofungua simu na kuombwa abonyeze “Kubali”, huwa anaingia katika mapatano. Neno alilowekewa na mfasiri ndilo linalomwambia anakubali nini. Neno likipotoka, na ridhaa yake imepotoka.

Dhana yenyewe

Mtu mwenye akaunti katika Facebook, Instagram au X huandika ndani ya nyumba ya kampuni. Seva ni za kampuni, kanuni ni za kampuni, na kampuni ndiyo inayoamua nani asome, wapi na kwa masharti gani. Mtandao wa Mastodon, ulioanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko huko Ujerumani, umejengwa kwa mpango mwingine. Hauna seva moja, bali una maelfu, na kila seva ina mwenyewe. Mwenyewe huyo aweza kuwa chuo, chama, idara ya serikali, au mtu mmoja tu anayelipia gharama kutoka mfukoni mwake. Kila seva huweka kanuni zake. Hata hivyo mtu wa seva hii husoma na kujibu maandishi ya mtu wa seva ile, kwa sababu seva zote zinafuata itifaki moja iitwayo ActivityPub, iliyoidhinishwa Januari 2018 na W3C, yaani shirika linalosimamia viwango vya wavuti.

Julai 2023 kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ilifungua mtandao wa Threads. Watu milioni 100 walijiandikisha katika muda wa siku tano. Kampuni ilikwisha kutangaza kwamba mtandao huo utafuata itifaki ile ile ya seva ndogo. Machi 2024 ilianza kuwaruhusu watumiaji wa Marekani, Kanada na Japani wapeleke maandishi yao katika seva za Mastodon na za jamaa zake, na Juni 2024 ruhusa hiyo ikaenezwa katika nchi zaidi ya 100. Baadhi ya wenye seva walilipokea jambo hilo kwa furaha, kwani waliona itifaki yao imekubaliwa na mkubwa. Wengine walitangaza mapema kwamba hawatapokea chochote kutoka Threads.

Hapo ndipo swali letu linapoanza. Kitendo hiki cha kampuni moja kubwa na seva ndogo nyingi kukabiliana kwa itifaki moja, kiitweje kwa Kiswahili?

Neno “kugatua”

Wanaosema “mitandao iliyogatuliwa” wamechukua neno kutoka katika lugha ya utawala. Nchini Kenya neno “ugatuzi” lilienea sana baada ya Katiba ya mwaka 2010 kusimika serikali 47 za kaunti. Kwetu Tanzania dhana hiyo ina historia ndefu zaidi. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulihamisha madaraka ya wizara kwenda mikoani na wilayani, na katika mpango huo huo halmashauri za wilaya na za miji zikaondolewa. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha halmashauri hizo za wilaya.

Msomaji ataona kwamba katika mifano hii yupo mgatuaji. Kuna kitovu kilichokuwa na madaraka, kikaamua au kikalazimishwa na sheria kuyapeleka chini. Na kilichotolewa na kitovu chaweza kurudishwa kituvuni, kama historia yetu wenyewe inavyoshuhudia. Seva ya Mastodon haikugatuliwa na mtu. Hakuna aliyeipa madaraka yake, kwa hiyo hakuna anayeweza kuidai iyarudishe. Ilianza ikiwa na mamlaka yake, kama nyumba inavyoanza ikiwa na mlango wake.

Kosa hili si dogo. Mtu anayeamini kwamba mitandao midogo imegatuliwa atadhani kwamba Meta, kwa kuja na watu wengi, imekuja kama serikali kuu inayorudi kukagua wilaya zake. Kumbe imekuja kama mgeni anayebisha hodi. Neno “kugatua” libaki mahali pake panapostahili, katika utawala.

Neno “shirikisho”

Neno hili tunalijua vizuri sisi tunaokaa Arusha, kwani hapa ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba uliotiwa saini mjini hapa tarehe 30 Novemba 1999 uliweka ngazi nne: Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja, Umoja wa Fedha, na mwisho Shirikisho la Kisiasa. Shirikisho limewekwa mwisho kwa sababu linadai mengi kuliko ngazi nyingine. Ni hatua ambayo nchi huachia sehemu ya mamlaka yake kwa chombo kimoja kilicho juu yao.

Sasa tuulize: katika mitandao hii, chombo hicho kiko wapi? Hakipo. W3C huandika viwango, lakini haisimamii seva ya mtu yeyote. Waandishi wa programu ya Mastodon huandika programu, lakini hawana uwezo wa kuingia katika seva ya mtu mwingine na kufuta neno lililoandikwa humo. Mwananchi aliyetukanwa au kuchafuliwa jina katika seva fulani, akiwa ameambiwa kwamba yumo katika “shirikisho”, atatafuta serikali ya shirikisho ili apeleke malalamiko. Atazunguka bila kuipata. Ukweli ni kwamba sharti amwendee mwenye seva yake, na mwenye seva yake amwendee mwenzake.

Kama ni lazima kuazima neno kutoka katika siasa za eneo letu, “jumuiya” lingekuwa karibu zaidi, kwa kuwa katika jumuiya kila mwanachama hubaki na bendera yake na mambo hufungwa kwa itifaki. Lakini hata jumuiya ina sekretarieti, ina mahakama, na ina michango ya wanachama. Mitandao hii haina hata kimoja cha hivyo. Kitu kimoja tu ndicho kinachofanana kabisa, nacho ni itifaki. Neno “itifaki” tulilokwisha kulizoea katika mambo ya forodha na ya soko linafaa bila marekebisho yoyote, nasi tunashauri lisibadilishwe.

Neno “jukwaa”

Neno hili hatutalihakiki kwa urefu. Jukwaa ni mahali palipoinuliwa ili mtu aonekane na kusikika. Linaeleza vizuri anachofanya mtumiaji, ila halimwelezi mwenye mbao na misumari. Anayehutubia jukwaani hudhani kwamba pale ni mahali pa umma. Mtandao wa kampuni hufanana zaidi na soko lililojengwa na mtu binafsi ndani ya ukuta wake: watu huingia bure, lakini ukuta una mwenyewe na saa ya kufunga ni yake. Pale tunapotaka kutofautisha aina mbili za mitandao, neno “jukwaa” halitoshi, maana linazifunika zote mbili kwa jamvi moja. “Mtandao wa kampuni” ni maneno ya wazi ambayo kila mtu huyaelewa.

Neno “kuunganisha”

Hili ndilo neno lenye uzito kuliko yote, nalo linahitaji kutazamwa kwa jicho la sarufi. Kitenzi cha Kiswahili kina hazina ambayo wafasiri wetu wengi hawaitumii ipasavyo, yaani viambishi vya unyambulishaji. Katika mzizi mmoja wa “unga” tunapata kuungana, kuunganisha, kuunganishwa na kujiunga, na kila umbo hueleza tofauti nani ametenda na nani ametendewa.

“Kuungana” ni kwa wawili wanaotaka wote, nao huishia kuwa kitu kimoja. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na kilichotoka hapo kikaitwa Muungano. Threads na seva ndogo hazikuungana kwa maana hiyo, kwani hazikuwa kitu kimoja. “Kujiunga” ni kuingia katika chombo kilichokwisha kuwapo na kukubali katiba yake, kama mkulima wa kahawa anavyojiunga na chama cha msingi cha ushirika. Meta haikukubali katiba ya mtu. “Kuunganishwa” ni kutendewa na mwingine, na ndilo umbo linalotumika zaidi: “akaunti yako itaunganishwa na mitandao mingine”. Nani ataunganisha? Je, anayeunganishwa anaweza kukataa? Na akikubali leo, kesho ataweza kujitoa? Umbo la kutendwa limeyameza maswali yote matatu.

Ili tupate neno bora, yafaa tusikilize namna wananchi walivyolieleza jambo la jinsi hii lilipowafika kwa mara ya kwanza, si katika mazungumzo, bali katika fedha. Huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini, kila kampuni ilikuwa kisiwa. Mwaka 2014 makampuni ya Tigo, Airtel na Zantel yalikubaliana kwamba fedha ziweze kutoka katika huduma ya kampuni moja na kuingia moja kwa moja katika ya nyingine, na mwaka 2016 M-Pesa ya Vodacom, iliyokuwa kubwa kuliko zote, nayo ikaingia katika mapatano hayo. Tangu hapo wananchi husema “nimetuma mtandao mwingine” na “nimepokea kutoka mtandao mwingine”. Hakuna muuza ndizi wa Tengeru anayesema kwamba mitandao imeungana. Yeye huona mambo mawili tu, kutuma na kupokea, na ndiyo mambo mawili yanayotokea kwa hakika.

Hata hivyo iko tofauti moja kubwa. Katika fedha waliokutana walikuwa makampuni, nayo yote yalikuwa chini ya jicho la Benki Kuu. Katika mitandao ya kijamii upande mmoja una mamilioni ya watu na mtaji wa kampuni ya dunia nzima, na upande wa pili huenda una mtu mmoja na seva moja ya kukodi. Historia imekwisha kutuonyesha hatari ya mkutano wa namna hiyo. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilianzisha huduma ya kuandikiana iitwayo Google Talk, iliyofuata itifaki ya wazi ya XMPP, na mwaka 2006 ikaruhusu watu wake waandikiane na watu wa seva nyingine zozote zinazofuata itifaki hiyo. Wenye seva ndogo walishangilia. Mwaka 2013 Google ilianza kuiweka kando huduma hiyo na kuleta nyingine isiyopokea seva za nje. Aliyekuwa katika seva ndogo akajikuta hawezi tena kuwafikia marafiki zake waliokuwa upande wa Google. Wao hawakupungukiwa na kitu. Aliyepotea ni yeye.

Kama tungesema mwaka 2006 kwamba mitandao hiyo “imeunganishwa”, neno letu lingewaahidi watu jambo la kudumu. Kumbe kilichokuwapo ni kupokezana, na kupokezana hukoma siku upande mmoja unapoacha kupokea.

Somo la mifereji ya Mlima Meru

Wakazi wa miteremko ya Mlima Meru, Waarusha na Wameru, walichimba mifereji ya kutoa maji mitoni kabla ya Wajerumani kufika. Kila mfereji una watu wake, uongozi wake, zamu zake na adhabu zake kwa anayeiba maji usiku. Mfereji mmoja hauamuru mwingine, ila yote hutegemea mto. Chini ya mlima, tangu enzi ya ukoloni, yakakaa mashamba makubwa, na baadaye yakaongezeka yale ya maua na mboga za kuuzwa nje. Mto Nduruma, kwa mfano, hutumikia bustani ya mkulima mdogo wa juu na shamba la kampuni la chini. Ndiyo sababu watu hao wamelazimika kukaa pamoja na kupangiana zamu, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaweka vibali na jumuiya za watumia maji.

Lugha ya watu wa mifereji haiulizi kama mfereji “umeunganishwa” na shamba. Huuliza zamu ni ya nani, na banio liko wazi au limefungwa. Banio ni pale maji ya mto yanapokingwa na kuelekezwa mferejini, na mwenye kulisimamia banio ndiye mwenye kauli. Lugha hii imezaliwa na watu waliokwisha kukabiliana na mkubwa kwa miaka mingi, nao walijifunza kwamba jambo la kwanza kulijua ni nani anashika banio.

Mfano huu una mpaka wake, nasi hatutaki kuuvuta kupita kiasi. Maji yakienda shambani kwa mwingine yamekwenda, hayako tena kwako. Maandishi, kinyume chake, hunakiliwa: yakipokelewa na seva kumi yapo mahali kumi na moja. Mwandishi akiyafuta katika seva yake, seva yake huzipelekea nyingine ombi la kuyafuta, lakini hakuna nguvu ya kuzilazimisha. Kwa hiyo katika maji hofu ni kupungukiwa, na katika maandishi hofu ni kushindwa kurudisha. Istilahi nzuri sharti ionyeshe hofu hii ya pili pia.

Mapendekezo

Kwa kufuata utaratibu wetu uliozoeleka wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda nje, tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, “upokezano”, kutoka kitenzi “kupokezana”. Maana yake iwe: hali ya seva au mitandao yenye wenyewe mbalimbali kupelekeana na kupokeleana ujumbe kwa itifaki moja, kila mmoja akibaki na haki ya kuacha. Mitandao iliyojengwa juu ya msingi huo iitwe “mitandao ya upokezano”, badala ya iliyogatuliwa au ya shirikisho.

Pili, “mtandao wa kampuni”, kwa mtandao wenye mmiliki mmoja na kanuni moja.

Tatu, “upokezi wa upande mmoja”, pale mtandao unapopeleka ujumbe nje bila kupokea kutoka nje, au kinyume chake. Hali hii hutokea sana katika hatua za mwanzo, na wafasiri wamekuwa wakiiita muunganisho kamili.

Nne, “kufunga banio”, pale mwenye seva anapokataa kupokea kutoka seva au mtandao fulani. Tusitumie “kufungia”, kwa sababu katika matumizi ya sasa anayefungia ni mamlaka, na anayefungiwa ni mkosaji aliye chini yake. Mwenye seva ndogo anayekataa ujumbe wa Threads hakumfungia mtu. Amefunga kilicho chake.

Tunajua kwamba pingamizi zitakuwapo. Wako watakaosema kwamba kupokezana ni kufanya kwa zamu, kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti. Tunajibu kwamba maana hiyo hailiharibu neno, bali hulisaidia, kwa kuwa mkimbiaji asiyenyosha mkono hapewi kijiti kwa nguvu. Wako pia watakaotukumbusha kwamba maneno ya ofisini mara nyingi hufia ofisini. Ni kweli. “Tarakilishi” lilibuniwa kwa ustadi, likapata makao Kenya, lakini kwetu Tanzania watu walikwisha kuchukua “kompyuta” na hawakugeuka. Ndiyo maana hatukubuni mizizi mipya. Pokea na banio ni maneno yaliyo vinywani mwa watu hata kabla ya mitandao hii.

Hitimisho

Uhakiki wa istilahi hupimwa kwa sentensi, siyo kwa orodha. Tuchukue basi sentensi mbili ambazo mwananchi angeweza kuzikuta katika simu yake. Ya kwanza: “Akaunti yako itaunganishwa na mitandao mingine ya kijamii.” Ya pili: “Maandishi yako yatapokelewa na kuhifadhiwa na seva zisizo zetu. Ukiyafuta hapa tutaziomba nazo ziyafute, lakini hatuwezi kuzilazimisha. Upokezano huu waweza kusimamishwa na wewe, na sisi, au na seva hizo.”

Sentensi zote mbili zinaeleza jambo lile lile, na ya pili ni ndefu. Lakini nchi yetu imekwisha kutunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na sheria hiyo inataka ridhaa ya mtu. Hatuoni jinsi mtu anavyoweza kuridhia jambo ambalo lugha yake mwenyewe imemficha. Kwa hiyo tunawaomba wafasiri wa programu, wahariri wa magazeti na walimu wa vyuo wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na wasomaji walete maoni yao, hasa wale walio na maneno bora kutoka katika lahaja na lugha nyingine za Tanzania. Neno lisilofaa liondolewe mapema, kabla halijachapwa katika masharti ambayo watu wataambiwa wamekwisha kuyakubali.